Mechi Saba na Lugha ya Uwanjani

Msimu uliopita timu ya mpira ya kitivo chetu ilicheza mechi saba katika mashindano ya vitivo. Ilishinda mbili, ikatoka sare mbili, ikafungwa tatu. Tulitia mabao manane, tukafungwa kumi, tukamaliza katika nafasi ya tano kati ya timu nane. Hakuna kikombe kilichoingia katika ofisi ya dekani, na sidhani kama kuna mwalimu aliyekatiza mhadhara wake ili kutangaza matokeo yetu. Hata hivyo nataka kuandika juu ya msimu huo katika jarida hili la wanafunzi wa lugha, kwa sababu yaliyotupata, tangu mechi ya kwanza hadi ya saba, yalikuwa mambo ya lugha.

Mimi nilikuwa beki wa kushoto wa akiba na mwandishi wa timu. Kazi ya mwandishi haina sifa: kuandika nani amefika mazoezini, nani ametoa mchango wa maji na wa chokaa ya kuchora mistari, nani ana deni la jezi. Kurasa za mbele za daftari zilijaa hesabu hizo. Kurasa za nyuma nilizitumia kwa jambo jingine. Kila mwanafunzi wa isimu ana ugonjwa wa kusikiliza jinsi watu wanavyosema hata kabla ya kusikia wanachosema, na kukaa benchi kunampa mgonjwa huyo muda wa kutosha. Nikaanza kuandika maneno ya uwanjani.

Tulikuwa wachezaji kumi na wanane. Nilimuuliza kila mmoja wazee wa kwao wanasema lugha gani. Walinijibu: Kiluba, Kisanga, Kibemba, Kihemba, Kitabwa, Kiruund, Kichokwe, Ciluba cha Kasai, na mmoja aliyekulia Kinshasa akasema Lingala. Lugha tisa kwa watu kumi na wanane. Wengi waliongeza palepale kwamba lugha hiyo wanaisikia tu, kuisema hawajui sana. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba kuwa lugha za taifa. Sisi tulikuwa na tatu kati ya hizo nne kwenye benchi moja. Lakini balo ilipoanza kutembea, lugha ilikuwa moja. Ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile ambacho mama zetu wanapatana nacho bei sokoni, na ambacho sisi tukifika kwenye oditwari tunakiacha mlangoni.

Wasomaji wa jarida hili wanakijua Kiswahili hicho. Watu ndani yake ni batu, mtoto ni mutoto, mahali ni fasi, juu ni yulu, na kitenzi cha mazoea kinabeba -ka mwishoni: alikuwaka, tulikuwaka. Uwanjani kinakuwa kifupi zaidi. Onyo zima la "kuna mtu nyuma yako, usigeuke" linakuwa neno moja: "Mutu!" Habari ya kwamba upande wa kulia uko wazi inakuwa "Fasi!" Kumwomba mwenzako arudishe balo kwa kipa ni "Nyuma!" Vitenzi ni vichache sana wakati mchezo unaendelea. Vinarudi mara tu mtu anapokosea: "Unakuwaka vile kila siku!", "Ulikuwa unaangalia nini?" Niliandika katika daftari kanuni ambayo sijaisoma kwa mtaalamu yeyote: kabla ya kosa, nomino, baada ya kosa, kitenzi.

Maneno yenyewe yametoka pande zote. Balo, tushi na alubitre ni Kifaransa kilichovaa mavazi yetu. Goli na beki ni Kiingereza, na nadhani vilitufikia kutoka kusini, njia ile ile ya reli na migodi iliyotuletea maneno mengine mengi. Kushika, kuacha, kuleta na kugeuka ni Kiswahili kilekile kinachosemwa Mombasa. Hakuna mchezaji aliyesimama kuuliza neno limetoka wapi kabla ya kukimbia. Alilisikia, akakimbia.

Kocha wetu alikuwa asistenti kijana wa kitivo, mtu mwema anayejua mpira. Alitufundisha ubaoni, kwa chaki, kwa Kifaransa. Alichora duara na mishale, akaeleza namna mstari wa nyuma unavyopaswa kupanda na kushuka pamoja, na nani amfuate nani tunapopoteza balo. Tulimwelewa. Kama ungekuwa mtihani, nusu yetu tungepata alama nzuri. Jumamosi tukafungwa matatu bila.

Jumatatu kapteni alisimama mbele ya kocha, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayeomba karatasi yake isahihishwe upya. Akasema: "Asistenti, masikio ilisikia. Miguu bado."

Asistenti alicheka, akakubali. Ikaamuliwa kwamba maelezo yote yatolewe kwa Kiswahili, na mimi, kwa kuwa ninasoma lugha za Kiafrika, niandae maneno. Nilifanya ambavyo mwanafunzi yeyote wa kitivo chetu angefanya: nilikwenda kwenye Kiswahili sanifu, ambacho watangazaji wa mpira wa Tanzania wamekifanyia kazi kwa miaka mingi. Nikaleta orodha: kipa, beki, kiungo mkabaji, winga, mpira wa adhabu, kuotea. Nikaisoma kwa sauti chini ya mwembe ulio karibu na uwanja. Nilipofika kwenye kiungo mkabaji, mshambuliaji wetu aliinua mkono akauliza kama hicho ndicho kinachotiwa katika mboga. Mazoezi yakasimama kwa dakika tano, watu wakishika mbavu.

Lakini hawakuitupa orodha yote. Kuotea walilipenda mara moja, kwa sababu linaeleza jambo lenyewe: mtu amejificha nyuma ya mabeki, anavizia. Beki walikuwa nalo tayari. Kiungo kilikataliwa kwa kura zote, mahali pake pakachukuliwa na mutu wa katikati. Mpira wa adhabu ulionekana mrefu mno kwa mtu anayehema. Mmoja wetu, shabiki mkubwa wa Mazembe, akatukumbusha kwamba Mbwana Samatta alitoka Tanzania akacheza hapa mjini kuanzia mwaka 2011, na alikuwa katika kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2015. "Ule na Kiswahili chake cha Dar, bale na chetu, na balo iliingia," alisema. Sina ushahidi wa kilichosemwa katika chumba cha wachezaji wa Mazembe, lakini hoja yake niliiandika. Lahaja mbili zinaweza kupasiana bila moja kuomba ruhusa kwa nyingine.

Mechi ya pili tulitoka sare, moja kwa moja. Ya tatu tulishinda mawili bila. Sisemi kwamba tafsiri ndiyo iliyotia mabao hayo. Wapinzani wetu wa siku ile walikuwa na mtihani asubuhi yake na walicheza kama watu waliolala saa mbili. Ninachosema ni kwamba mstari wetu wa nyuma, kwa mara ya kwanza, ulipanda na kushuka pamoja, na aliyeupandisha na kuushusha kwa sauti yake alikuwa beki wetu wa kati.

Sasa nifike kwake. Jina lake sitalitaja, wanaomjua wanamjua. Alizaliwa hapa Lubumbashi, katika komini ya Kenya, na huko alijifunzia mpira, kwenye vumbi jekundu, kwa balo ya mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe Kasai hajawahi kufika. Ciluba anakisikia kwa bibi yake na anajibu kwa Kiswahili. Katika daftari langu maneno mengi ya uwanjani nimeyachukua kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko sote.

Mechi ya nne tulicheza na timu yenye mashabiki wengi. Tulikuwa mbele kwa moja bila hadi kipindi cha pili. Zikiwa zimebaki kama dakika ishirini, kundi la watu waliosimama nyuma ya goli letu lilianza kumwita beki wetu kwa neno moja, polepole kwanza, halafu kwa kupiga makofi. Neno lenyewe nitaliandika, kwa sababu jarida la lugha lisilothubutu kuandika neno haliwezi kulieleza. Walikuwa wanasema: bilulu.

Kwa msomaji asiyekua hapa: kilulu, bilulu, ni wadudu. Mwaka 1992 na 1993, wakati mkoa wetu ulipokuwa ungali unaitwa Shaba, neno hilo lilitumiwa hadharani kwa watu wenye asili ya Kasai, na baada ya neno yakafuata mawe, moto na kufukuzwa. Likasi na Kolwezi maelfu ya familia zililala kwenye vituo vya reli kwa wiki na miezi, zikingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ya babu zao, ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Watoto na wazee walikufa kwenye vituo hivyo na ndani ya mabehewa. Sisi tuliocheza siku ile wote tulizaliwa baada ya hayo. Waliopiga makofi nyuma ya goli nao walizaliwa baada ya hayo. Neno lilituzidi umri sote, na bado lilikuwa na nguvu.

Beki wetu hakugeuka. Lakini aliacha kupaza sauti. Mstari wa nyuma ukabaki bila mtu wa kuuambia upande au ushuke, na kila mmoja wetu akawa anacheza peke yake. Walisawazisha, kisha wakaongeza la pili. Mwamuzi alipopuliza kipenga cha mwisho, beki wetu alivua jezi yake, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akanipa. Akaniambia niandike kwamba hana deni.

Usiku ule nililitazama neno lile katika daftari kwa muda mrefu. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa lugha za Kibantu anafundishwa ni ngeli, na ngeli ya kwanza anayofundishwa ni ya watu. Kiswahili chetu kina ba- ya ukarimu mkubwa: batu, bandugu, batoto, bafundi, hata bamama na babwana. Mtu yeyote akifika mjini, kwa lugha yoyote, anaingia katika ba- hiyo bila kulipa chochote. Tusi lile linafanya kazi moja tu ya sarufi: linamchukua mtu katika ba- na kumweka katika bi-, kati ya vitu na wadudu. Najua kwamba ngeli yenyewe haina hatia. Kijana na kiongozi nao wamo katika ki-, na hakuna anayewadharau kwa sababu hiyo, maana tunasema kijana amekuja, kiongozi amesema, kwa upatanisho wa mtu. Ila wale wa nyuma ya goli walipoongeza kitenzi, walisema "birudi kwabo", birudi na si barudi. Ngeli waliichagua hadi kwenye kitenzi. Sijapata katika masomo yangu yote mfano wa upatanisho wa kisarufi uliofanya kazi mbaya kiasi hicho.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi. Tusi lile lilisemwa kwa Kiswahili. Na Kiswahili cha mji huu, kama kuna lugha duniani isiyoweza kumwambia mtu "wewe ulitoka mbali", ndicho. Lubumbashi ilianza mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimefika Katanga pamoja na misafara ya wafanyabiashara iliyokwenda kwa Msiri, lakini lugha ya mji haikutoka huko peke yake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha namna utawala na makampuni walivyokichukua Kiswahili kwa mahitaji ya kazi. Wafanyakazi wa Union Minière waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka kando za Lomami, kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi. Hawakuwa na lugha moja. Walichukua ile waliyoamriwa nayo kazini, wakaibeba hadi nyumbani, wakabembelezea watoto, wakaombea, wakatongozea, wakaapia. Kiambishi cha watu wakakitamka kama kilivyo katika lugha za kwao: ba-, si wa-. Yaani hata ile ba- ya ukarimu niliyoisifu hapo juu ni kazi ya mikono yao, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai, Wabemba, Wasanga na wengine. Babu wa beki wetu alikuwa miongoni mwa mafundi wake. Kumtukana mjukuu kwa lugha hiyo ni kama kumfukuza mtu katika nyumba kwa kumpiga na tofali alilolifyatua babu yake.

Mazoezi yaliyofuata hakuja. Timu iligawanyika. Wengine walisema hayo ni maneno ya uwanja, yanaanza na kipenga na kuisha na kipenga. Hata watu wa Mazembe na watu wa Lupopo wanatukanana tangu 1939, na jioni wanakunywa pamoja. Mshambuliaji wetu ndiye aliyelishikilia hilo zaidi, na hakuwa na nia mbaya. Kapteni, ambaye kwao ni Wasanga, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamjibu kwa upole: "Mutu wa Lupopo anaweza kugeuka wa Mazembe kesho. Ule atageuka nini?"

Hakuna aliyeongeza neno. Mechi ya tano tulicheza bila yeye, tukafungwa mawili bila. Kila balo ya juu iliyoingia kwetu, watu wawili waliirukia pamoja au wote wawili waliiacha.

Siku ya Jumapili kapteni, kipa na mimi tulikwenda komini ya Kenya, kwao. Mama yake alitupokea vizuri, akatukalisha, akatuletea maji ya kunawa, bukari na sombe, kama kwamba tumetumwa na ukoo. Hatukujua tuanzie wapi. Kapteni akasema: "Mama, tulikuja kuona ndugu yetu." Yule mama alituambia kwamba alikuwa msichana Likasi mwaka 1992, kwamba wao walipanda treni, kwamba mdogo wake hakushuka nayo, na kwamba baada ya miaka michache alirudi Katanga kwa sababu ndiko alikojua kuishi. Hakulia na hakupaza sauti. Alisema hayo akiwa anatuongezea mboga. Mwisho akasema: "Mutoto alizaliwa apa. Ataenda fasi gani?"

Nimesikia neno fasi mara mamia uwanjani. Ni lile lile tunalopiga kelele upande wa kulia ukiwa wazi. Siku hiyo sikuliandika katika daftari, lakini tangu siku hiyo silisikii kama zamani.

Beki wetu mwenyewe alikaa kimya karibu muda wote. Alitusindikiza hadi barabarani, akauliza mechi ya sita ni lini, tukamwambia. Alhamisi alikuja mazoezini bila maelezo. Nilimpa jezi yake, nikaiandika tena kwenye ukurasa wa mbele, na deni lake likaanza upya. Mechi ya sita tulishinda mawili bila. Sauti ilikuwa imerudi.

Ya saba ilikuwa ya mwisho, na watu walikuwa wengi. Tulikuwa nyuma kwa mawili kwa moja wakati neno lile lilipoanza tena, safari hii kutoka kwa kundi dogo upande wa mashabiki wa wapinzani. Kapteni wetu alikwenda kwa mwamuzi, ambaye naye alikuwa mwanafunzi, akamwomba asimamishe mchezo. Mwamuzi akasema hajasikia kitu. Kapteni akamsogelea, akamtamkia neno lile taratibu, silabi kwa silabi, kama tunavyofanya katika somo la fonolojia. "Sasa ulisikia," akamwambia. Mwamuzi alimtazama, akapuliza kipenga, mchezo ukasimama.

Kilichofuata hakuna hata mmoja wetu aliyekitarajia. Kapteni wa upande wa pili aliacha nafasi yake, akatembea hadi kwa mashabiki wake mwenyewe. Tulikuwa mbali, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza na sauti ilifika. Aliwaambia kwamba beki huyo ni wa Kenya kama yeye, kwamba walikuwaka wanacheza pamoja tangu udogo, na kwamba anayetaka kumfukuza aanze na yeye. Wakanyamaza. Wawili au watatu waliondoka. Wengine walibaki, wakatazama mpira. Tulisawazisha kwa koneri karibu na mwisho, mawili kwa mawili, na beki wetu ndiye aliyeipiga kwa kichwa. Ningependa kusema kwamba mashabiki wote walimshangilia; walioshangilia walikuwa wa kwetu, hasa wanafunzi wasichana wa mwaka wa kwanza, ambao hawakukosa mechi hata moja.

Sidai kwamba mpira umeponya kitu. Neno lile bado liko mjini, litasikika tena, na pengine si uwanjani. Timu haikulifuta. Ilifanya jambo dogo zaidi: watu watatu walikwenda kwenye nyumba moja, mtu mmoja alilitamka neno mbele ya mwenye kipenga, na mtu mwingine, ambaye hakuwa wa timu yetu, alisema "ni wa kwetu" mbele ya wale walio wake. Hayo matatu yote yalifanyika kwa Kiswahili cha Lubumbashi, lugha ile ile iliyotumika kutukana. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba lugha inaunganisha watu, kama kwamba inafanya kazi hiyo yenyewe usiku sisi tukiwa tumelala. Lugha inaweka ba- mezani na bi- mezani, na mwenye kusema ndiye anayechagua.

Hapo nina neno kwa kitivo chetu. Kiswahili sanifu tunakihitaji, na mimi ninaandika makala haya kwacho bila manung'uniko. Lakini Kiswahili cha mji wetu bado tunakiita kibovu kati yetu, na kila mwaka kazi za mwisho wa masomo zinazokihusu ni chache. Wageni walikisikiliza kabla yetu: Edgar Polomé, aliyefundisha hapa mjini katika miaka ya 1950, alieleza sarufi yake, Walter Schicho aliandika mazungumzo na maigizo ya kundi la Mufwankolo, Fabian aliuliza kilitoka wapi na kwa amri ya nani. Waliyoyaandika tunayasoma maktabani, kwa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa. Kuna mengi ambayo hawakuyasikia kwa sababu hawakukaa benchi letu. Anayetafuta somo la kazi yake, maneno ya uwanjani yako pale, bure, kila Jumanne na Alhamisi. Na anayetaka kuchunguza tusi achunguze tusi, kwa sababu lugha isiyochunguzwa upande wake mbaya haijachunguzwa.

Daftari nimemkabidhi mwandishi mpya, msichana wa mwaka wa pili anayesoma Kichokwe na Kiruund, na ambaye anaandika vizuri kuliko mimi. Ukurasa wa nyuma una maneno mia moja na arobaini na mawili. Beki wetu wa kati amechaguliwa kapteni wa msimu ujao. Alipopigiwa kura alisema kwamba hataki hotuba, anataka watu wafike kwa wakati.

Mazoezi yanaanza mvua zikipungua, saa kumi, kwenye uwanja ulio nyuma ya majengo yetu. Tunatafuta beki mmoja wa kulia na yeyote mwenye viatu vya ziada. Kiungo pia tunakihitaji, lakini tafadhali, ukifika, sema umekuja kuwa mutu wa katikati.